Mtu wa Hamsini na Saba

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba 2013. Manyunyu tangu alfajiri, upepo wa kaskazini, majani ya mialoni yamelowa na kugandamana barabarani.

Verlene Stucky alirudi kutoka kazini saa moja kasorobo asubuhi, kama alivyorudi kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mwokaji wa zamu ya usiku katika duka kubwa la vyakula mjini Sedalia, jimbo la Missouri. Mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, mwenye mikono minene ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Alivua viatu mlangoni, akala yai na kipande cha mkate, akaoga ili kuondoa harufu ya mdalasini, akavuta mapazia mazito ya chumbani, na saa mbili na nusu akapanda kitandani. Kitanda kile kilikuwa na mguu mmoja mfupi, nacho kililia kila alipojigeuza. Kelele hiyo alikuwa ameizoea. Ilikuwa kelele yake mwenyewe.

Saa tatu na dakika tano, sauti ya mwanamume ikapenya ukutani.

"Ishirini ninayo, ishirini na tano, nani ananipa ishirini na tano, tano, tano, tano, haya pale nyuma, thelathini sasa, thelathini, thelathini, usinionee haya kama mkwe bwana, inua mkono, thelathini!"

Verlene alidhani anaota. Utotoni baba yake alikuwa akimpeleka mnada wa ng'ombe kila Jumatano, na sauti ya mpiga mnada ilikuwa hivyo hivyo, maneno yanakimbizana bila kupumua kama maharage yanayomwagika kwenye bati. Akafumbua macho. Sauti haikuondoka. Ilitoka katika chumba cha gari cha nyumba ya jirani, chenye mlango wa bati uliotazamana na dirisha lake, hatua nane tu katikati. Nyumba hiyo ilikuwa ya Bwana Pruett, aliyehamia Florida na kuipangisha. Mpangaji mpya alikuwa ameingia Jumamosi. Na sasa, peke yake ndani ya bati, alikuwa akiwauzia watu wasiokuwapo ng'ombe wasiokuwapo.

Akauza hadi saa sita mchana.

Siku ya pili akauza tena. Siku ya tatu akaongeza kipaza sauti kidogo.

Mtaa wa Dogwood Bend ulikuwa na nyumba mia moja na kumi na mbili na chama cha wenye nyumba kilichokuwa na kanuni za kurasa sitini na nne. Kulikuwa na kanuni ya urefu wa majani, kanuni ya rangi za milango, kanuni ya saa ambayo pipa la taka lingeweza kuonekana barabarani. Mtu aliyekuwa na shida na jirani hakwenda kugonga mlango wa jirani. Aliandika barua kwa chama. Ndivyo ilivyokuwa, na Verlene, ambaye katika miaka kumi na tisa hakuwa amelalamika hata mara moja, aliandika yake ya kwanza kwa mwandiko mzuri, akaipeleka kwa mkono nyumbani kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa Dwight Ostrander, mpima ardhi mstaafu, mtu mrefu aliyevaa kalamu mbili mfukoni hata siku za mapumziko. Aliisoma barua hapo hapo kizingitini.

"Bi Verlene, nakuelewa sana. Lakini kanuni inasema utulivu ni saa nne usiku hadi saa moja asubuhi."

"Mimi usiku siko. Niko kazini nawaokea mikate mnayokula."

"Na ni mizuri. Lakini kelele za mchana, kwa mujibu wa kanuni, si kelele."

"Si kelele ni nini, Dwight? Ni mvua?"

"Ni shughuli," alisema Dwight, bila ubaya wowote. "Leta barua nyingine ukitaka. Tutaiweka kwenye faili."

Verlene alileta nyingine nne. Zote zikawekwa kwenye faili.

Mwezi wa Novemba usingizi wake ulikuwa umekatika vipande vipande. Alilala dakika arobaini, akaamshwa, akalala ishirini. Kazini alisahau chumvi katika mikate mia mbili, na juma lililofuata akasahau hamira. Msimamizi wake, ambaye alikuwa na umri wa binti yake, alimvuta pembeni akamwambia kwa upole kwamba pengine zamu ya usiku imemchosha. Asubuhi hiyo, akirudi nyumbani, Verlene alisinzia kwenye taa nyekundu, akashtushwa na honi za watu watano.

Binti yake, Roxanne, alikuwa akiishi Tulsa. Aliposikia habari za taa nyekundu hakubishana tena. Alimpata dalali wa nyumba, akaandaa karatasi za kuuza, akaja nazo mwenyewe siku ya Shukrani, sikukuu ya mwishoni mwa Novemba, pamoja na pai ya maboga ya kununua.

"Mama, njoo ukae na sisi. Chumba kipo."

"Nina chumba."

"Una chumba usichoweza kulala ndani yake. Chumba gani hicho?"

Nyumba ile Verlene aliinunua peke yake baada ya talaka. Alizipaka kuta rangi kwa mikono yake, akapanda miti miwili ya mapea, akaona maua yake majira kumi na nane. Alibandika zile karatasi kwenye jokofu kwa sumaku yenye umbo la kuku, akasema, "Nipe mpaka mkutano wa mwaka wa chama. Tarehe kumi na nane Januari. Ukiisha kama mikutano mingine, kesho yake asubuhi natia saini."

"Unaniahidi?"

"Nimeshasema."

Roxanne alimjua mama yake. Hakuuliza mara ya pili.

Jibu la barua yake ya tano lilikuja siku nne baadaye, na lilikuwa na nakala ya barua nyingine nyuma yake. Ndipo Verlene alipoona jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Chama kilikuwa kimeandika kweli kuhusu kelele, mara tano, kwa heshima zote. Ila barua zote zilikwenda Florida kwa Bwana Pruett. Mpangaji hakuwa mwanachama. Chama hakikumwandikia mtu asiye mwanachama.

Aliweka karatasi chini, akavaa koti la mvua juu ya nguo za kulalia, akatoka kwenda kugonga mlango wa bati.

Mauzo yalikatika katikati ya fahali. Mlango ukapanda. Kijana mmoja mwembamba alisimama pale, kofia pana kichwani, kidude cha kusikilizia mtoto kimening'inia shingoni.

"Habari za asubuhi, mama."

"Kwangu mimi si asubuhi. Kwangu ni usiku wa manane."

Kijana akamtazama, akatazama jua, akamtazama tena.

"Mimi ni Verlene, wa nyumba ile pale. Nafanya kazi usiku. Nimeandika barua tano juu yako."

"Juu yangu mimi? Sijaona hata moja!"

"Najua. Zimekwenda Florida kuota jua."

Kijana alivua kofia. Uso ulimwiva mpaka masikioni. Jina lake lilikuwa Coy Lindell. Alifanya kazi ya kuswaga mifugo kwenye banda la mnada kuanzia saa nane mchana, na mwezi wa Mei angeingia mashindano ya wapiga mnada wa jimbo. Akishinda, wangempa kipaza sauti badala ya fimbo. Mkewe, Marisela, alifanya zamu ya asubuhi katika zahanati ya macho, kwa hiyo asubuhi yote yeye Coy alikuwa na mtoto wao wa miezi saba. Mtoto alilala saa tatu hadi saa sita. Hiyo ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo ya kuzoeza ulimi.

"Kwa hiyo wewe unafanya mazoezi mwanao akiwa amelala," alisema Verlene, "na mimi silali ili ufanye mazoezi."

"Mama, naapa, ningejua..." Alikuna kichwa. "Naacha leo hii. Nitafanyia ndani ya pikapu, nimefunga vioo."

Alijaribu. Aliegesha pikapu mwisho wa barabara karibu na bwawa, mtoto kwenye kiti chake nyuma, akaanza kunadi. Siku ya pili mtu mmoja aliita polisi, akasema kuna mwanamume anagombana vikali na mtu asiyeonekana. Baridi nayo ilikuwa imeingia, na mtoto akaanza kukohoa. Coy akarudi kwenye chumba cha gari akanong'ona, lakini mnada hauwezi kunong'onwa. Ulianza kama dua na kufikia ng'ombe wa tatu ulikuwa umeshapanda.

Ilikuwa Verlene aliyefikiria ukumbi.

Katikati ya mtaa palikuwa na ukumbi wa chama: kuta za matofali, joto la kutosha, jiko dogo, viti themanini. Ulikaa mtupu mwaka mzima isipokuwa siku ya mkutano. Coy angeweza kunadi humo mpaka apasue mapafu na asimsumbue mtu. Verlene alikwenda kumuuliza Dwight.

"Ukumbi ni wa wanachama," alisema Dwight. "Mpangaji si mwanachama."

"Basi tubadilishe kanuni."

"Inabadilishwa na mkutano wa mwaka tu, na mkutano sharti uwe na akidi. Nusu ya nyumba na moja juu. Hamsini na saba." Dwight alitabasamu kwa huzuni. "Bi Verlene, hatujapata akidi kwa miaka tisa."

Hilo Verlene alilijua, kwa sababu mwenyewe hakuwa amehudhuria hata mara moja. Kila Januari ilikuwa vile vile. Watu tisa au kumi walikuja. Dwight aligonga meza, akahesabu, akatangaza kwamba akidi haikutimia, kwa hiyo hakuna kura wala uchaguzi, na kamati inaendelea kama ilivyo. Kisha walikula biskuti na kwenda nyumbani. Mikutano yote tisa, ukiijumlisha, haikufika muda wa saa mbili.

Verlene alichukua kanuni zile za kurasa sitini na nne akazisoma mezani jikoni, kalamu mkononi, saa ambazo alipaswa kulala. Aliandika hoja yake akaipeleka siku thelathini na mbili kabla ya mkutano, kwa kuwa kanuni ilitaka thelathini. Akaona pia kwamba mwanachama asiyeweza kuja aliruhusiwa kutia saini fomu ya kumtuma mwanachama mwingine ampigie kura. Akatoa nakala mia moja za fomu hiyo, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, majira ya alasiri, akiwa na daftari dogo alimoandika nani alifungua, nani alisaini, nani ana mbwa.

Coy alitembea naye siku za mapumziko, mtoto kifuani. Fomu hakuweza kusaini, wala kura hakuwa nayo. Lakini mtu aliyeona uso wa mtoto yule alifungua mlango.

"Unataka nisaini ili jirani yako apate mahali pa kupigia kelele?" mzee mmoja aliuliza.

"Ndiyo."

"Na huyu aliyesimama hapa ndiye mwenye kelele?"

"Ndiye mimi, bwana," alisema Coy.

"Na mnatembea pamoja?"

"Tungefanyaje? Na baridi hii?" alisema Verlene.

Mzee alicheka akasaini.

Kufikia usiku wa kuamkia mkutano alikuwa na fomu thelathini na nane.

Jumamosi, tarehe 18 Januari, ilikuwa siku ya anga safi na baridi ya kukata masikio. Verlene alifika ukumbini saa tatu na nusu na sinia mbili za mikate ya mdalasini iliyoviringishwa, bado ya moto. Saa nne kamili palikuwa na watu wa nyumba kumi na mbili. Ilikuwa rekodi. Mbele kabisa alikaa Bi Dot Hagemeyer, ajuza wa miaka themanini na mmoja, ambaye hakukosa mkutano hata mmoja kwa sababu ya biskuti.

Dwight aligonga meza. Verlene akasimama, akaweka fomu zake mbele yake, zimepangwa kwa namba za nyumba.

"Thelathini na nane," alisema. "Na sisi kumi na wawili tuliopo. Hamsini."

Watu wakageukiana. Dwight alizihesabu mara mbili, polepole, kisha akafungua daftari la makosa, akashusha kidole. Kidole kikasimama.

"Bi Verlene, mlangoni kwako bado kuna shada la Krismasi."

"Shada?"

"Mapambo mwisho wake tarehe kumi Januari. Tulikuandikia tarehe kumi na moja. Mwanachama mwenye kosa lisilorekebishwa hapigi kura, yake wala ya mtu mwingine."

Barua ile Verlene alikuwa ameiona. Alidhani ni jibu jingine kama zile tano, akaitia kwenye mtoto wa meza ili asijiudhi kabla ya mkutano. Kurasa sitini na nne alizisoma zote, na mlango wake mwenyewe hakuutazama. Alipita karibu na shada lile mara mbili kwa siku, akitembea kama aliye usingizini.

"Kwa hiyo thelathini na nane zinaanguka," alisema Dwight, na kusema kweli sauti yake haikuwa ya mtu anayefurahi. "Na wewe mwenyewe huhesabiki. Tunabaki kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja!" alisema Bi Dot. "Dwight, mtoto wa watu kaleta mikate ya moto!"

"Mikate haina kura, Bi Dot."

Verlene alizitazama zile karatasi kwenye meza, akaziona karatasi nyingine, zile za kwenye jokofu chini ya kuku wa sumaku. Kisha akasikia mlango wa nyuma ukibamizwa. Coy, aliyekuwa amesimama huko nyuma pamoja na mkewe na mtoto kwa kuwa mpangaji hakuruhusiwa kukaa kwenye viti vya wanachama, hakuwapo tena.

"Soma kanuni yenyewe," alisema Verlene. Alijua ukurasa. Alihitaji dakika. "Arobaini na moja. Soma kwa sauti."

Dwight alipenda kusoma kanuni kwa sauti. Akavaa miwani. "'Kosa la mapambo litahesabika limerekebishwa pale pambo litakapokuwa halionekani kutoka barabarani, na mjumbe wa kamati akiwa ameshuhudia.'"

"Rudia sehemu ya mwisho."

"'...na mjumbe wa kamati akiwa ameshuhudia.' Lakini hakuna mjumbe atakayetoka sasa, Bi Verlene, mkutano umesha..."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Coy aliingia mbio, kofia imeanguka njiani, pumzi juu juu, na shada lote la misonobari, utepe mwekundu na kengele zake likiwa shingoni mwake kama farasi aliyeshinda. Alilivua akalitua mezani mbele ya mwenyekiti. Kengele zikalia.

"Shuhudia," alisema.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Dwight aliliangalia shada. Akaangalia dirisha, akaangalia barabara. Mtu mwingine angetafuta kichochoro, lakini Dwight Ostrander aliheshimu maandishi hata yalipomgeuka. Akachomoa kalamu ya pili, akafuta kosa.

"Limerekebishwa. Hamsini." Akaangalia saa. "Bado saba. Kanuni inatupa nusu saa tangu kufunguliwa kwa mkutano. Zimebaki dakika kumi na sita."

Watu waliinamisha vichwa. Saba, asubuhi ya Jumamosi, kwenye baridi ile. Verlene akageuka kumtazama Coy.

"Mwanangu," alisema, "ule mlima wako wote wa kelele. Miezi mitatu na ushee umenimwagia mimi peke yangu. Hebu toka nje ukawamwagie na wenzangu."

Coy alielewa papo hapo. Alipanda nyuma ya pikapu yake iliyokuwa mbele ya ukumbi, akawasha kipaza sauti, akavuta pumzi.

"Hamsini ninao, hamsini, nani ananipa hamsini na moja, moja, moja, mikate ya mdalasini ya moto, hamsini na moja, wewe bwana wa koti la bluu unayekwangua kioo cha gari, achana na kioo, jua litakikwangua, hamsini na moja, ingia, huyoo! Hamsini na moja ninao, sasa mbili, mbili, mbili, dada mwenye mbwa, mbwa aje pia, ila yeye hatahesabiwa, hamsini na mbili!"

Milango ilianza kufunguka. Watu walitokeza na vikombe vya kahawa, wengine na ndara. Sauti ilipanda juu ya mapaa ikarudi kutoka bwawani. Mlangoni mwa ukumbi Gil Pokorny, katibu, alikaa na daftari la mahudhurio akipiga kelele za kujibu, maana alishindwa kujizuia: "Hamsini na tatu! Mume na mke, nyumba moja, kura moja! Hamsini na nne!"

"Hamsini na nne, nani anasema tano, bibi pale barazani, najua unanisikia, nakijua hata kikombe chako, hamsini na tano, asante mama, Mungu akuzidishie! Sita, sita, nipe sita!"

Dwight alitoka nje, bila koti.

"Bi Verlene! Hii ni kelele!"

"Saa ngapi sasa, Dwight?"

"Saa nne na dakika ishirini na tatu."

"Asubuhi au usiku?"

Dwight alitazama tena saa yake.

"Kelele za mchana si kelele," alisema Verlene. "Ni shughuli. Uliniambia wewe, nimeandika na tarehe."

Hamsini na sita aliingia saa nne na dakika ishirini na tano. Kisha barabara ikawa tupu. Coy alinadi kulia, akanadi kushoto. Dakika moja. Mbili. Sauti yake ilianza kukwaruza. Bi Dot alisimama dirishani na mkate mkononi, hauli. Verlene alishika ukingo wa pikapu, akahisi bati likitetemeka kwa sauti ile ile iliyokuwa ikitetemesha ukuta wake, na kwa mara ya kwanza akaomba isikome.

Ndipo mwanamume mmoja akatokea kwenye kona ya barabara ya nyuma. Alikuja kwa hatua za haraka, vazi la kuogea limefungwa juu ya suruali, nywele zimesimama, uso mwekundu. Kwenye daftari la Verlene alikuwa yule wa nyumba namba themanini na tisa, "hafungui".

"Nani mkubwa hapa?" alifoka. "Nani mkubwa wa chama hiki? Nimekuja kushtaki hiyo kelele!"

"Mlango huo, bwana," alisema Verlene. "Unashtaki ndani. Lakini kwanza saini hapo kwa Gil."

"Na nitasaini! Msidhani sitasaini!" Alinyakua kalamu akasaini kwa hasira hadi karatasi ikachanika kidogo.

Gil aliinua daftari juu kwa mikono miwili.

"Hamsini na saba!"

"Imeuzwa!" alinguruma Coy juu ya pikapu, na mtaa mzima wa Dogwood Bend ukapiga makofi, wakiwemo waliokuwa hawajui kilichouzwa.

Ndani, Dwight aligonga meza. "Akidi..." Alisita, akakohoa. Kwa miaka tisa hakuwa amelisema neno lililofuata. "Akidi imetimia."

Alisoma hoja ya Verlene neno kwa neno: mpangaji yeyote anayeishi katika mtaa ataruhusiwa kutumia ukumbi kila siku, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Akauliza kama kuna mchango. Mtu wa nyumba ya themanini na tisa akainuka.

"Swali. Huyu kijana anapiga kelele hizi kila siku?"

"Kila siku," alisema Verlene.

"Na mkipitisha hii, atakuwa anapigia humu ndani, madirisha yamefungwa?"

"Humu ndani."

"Sasa mnangoja nini?" alisema yule bwana, akainua mkono kabla ya kura kuitwa.

Ilipita kwa kura hamsini na nne dhidi ya tatu. Dwight aliandika hesabu hiyo kwenye kumbukumbu kwa herufi nzuri za mpima ardhi, akapiga mstari chini yake kwa rula. Kisha akachomoa ufunguo wa ukumbi kwenye kishada chake akautazama kidogo.

"Kesho Jumapili," alimwambia Coy. "Unafanya mazoezi Jumapili?"

"Ulimi haujui Jumapili, bwana."

"Basi usisahau kuzima taa." Akampa. Halafu, kama mtu anayekumbuka jambo, akamgeukia Verlene. "Hivi ile mikate imebaki?"

"Bi Dot ndiye anayeilinda."

"Nimebakisha mmoja," alisema Bi Dot, akiwa amevaa lile shada shingoni. "Na mwakani, Dwight, usilete zile biskuti zako."

Usiku ule Verlene alikwenda kazini, akatia chumvi, akatia hamira, akarudi saa moja kasorobo. Aliliweka shada chumbani, juu ya kabati, mahali pasipoonekana kutoka barabarani. Alikula yai lake, akaoga. Saa tatu kasoro dakika tano, akivuta mapazia, alimwona Coy akishuka barabara na kigari cha mtoto, midomo inamchezacheza kimya kimya, ufunguo mkononi.

Alipanda kitandani, akajigeuza ukutani. Kitanda kikalia. Akatulia kidogo, akasikiliza. Hakukuwa na sauti nyingine yoyote.

Akashuka, akaenda jikoni, akamwondoa kuku wa sumaku. Karatasi za kuuza nyumba alizikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka zikawa nene kama kigae. Akapiga magoti kando ya kitanda, akazisukumiza chini ya mguu mfupi, akakitikisa kitanda kwa mkono kujaribu. Hakikulia. Akapanda, akalala hadi saa tisa alasiri.